Gari la Farasi ni la Farasi Kwanza

Picha ya gari la vita la kale tunaijua: mfalme amesimama wima, upinde umevutwa, maadui wametapakaa chini ya magurudumu. Mbele yake wapo farasi wawili, lakini jicho linawapita na kwenda kwa mfalme. Naona hiyo ni dhuluma ya muda mrefu. Utukufu wote wa chombo kile uliwategemea farasi, pamoja na masaisi waliolala nao zizini.

Anza na gari lenyewe lilivyoundwa. Gari la Misri, kama yale sita yaliyokutwa kaburini mwa Farao Tutankhamun mwaka 1922, lilikuwa na magurudumu mawili ya spoku, fremu ya mbao zilizopindwa, na sakafu ya kanda za ngozi zilizosukwa, zenye kunesa ili mpiga mishale asirushwerushwe. Lilikuwa jepesi kiasi kwamba mtu aliweza kulibeba begani. Mafundi hawakuhangaika hivyo kwa ajili ya urembo. Farasi wa enzi zile walikuwa wadogo, na kila kilo iliyopunguzwa ilikuwa pumzi waliyobakiziwa.

Pumzi hiyo haikuja bure. Yapata miaka 3,400 iliyopita, Kikkuli, mfunza farasi kutoka Mitanni, ufalme wa kale wa kaskazini mwa Syria, aliacha maelekezo ya kuwafunza farasi wa magari, yakahifadhiwa Hattusa, mji mkuu wa Wahiti katika Uturuki ya leo, kwenye vibao vya udongo. Ni ratiba ya miezi: leo wakimbie kiasi gani, wale nini, waoshwe lini, usiku watolewe tena au wapumzike. Kwangu mimi vibao vile vina thamani kuliko sanamu kumi za wafalme, kwa kuwa vinaonyesha kazi yenyewe.

Matumizi yalikuwa mengi: vita, mawindo, maandamano ya kifalme, na baadaye mashindano ya Wagiriki na Warumi, ambayo yamesimuliwa ya kutosha. Vitani gari lilitaka uwanda. Kwenye milima na matope lilikuwa mzigo. Kadeshi, katika Syria ya leo, mwaka 1274 KK, Farao Ramesses II alikutana na magari ya Wahiti, akazingirwa lakini akanusurika. Alijisifu kwenye kuta za mahekalu, ndiyo, lakini humo humo aliwataja farasi wake wawili kwa majina, akasema wao ndio walioshikamana naye askari walipomkimbia, na akaahidi kwamba watalishwa mbele ya macho yake kila siku. Farao aliyejiita mungu alikiri deni kwa wanyama. Sisi tunaomsoma leo tunaliruka.

Walioelewa zaidi, kwa maoni yangu, ni Wakushi wa Sudan ya leo. Mfalme wao Piye alipoushinda mji wa Hermopolis huko Misri, karibu mwaka 728 KK, aliingia katika jumba la Nimlot, mtawala wa mji huo aliyekuwa amejisalimisha, akapelekewa wanawake wa nyumba ile, asiwatazame. Alikwenda zizini. Alipokuta farasi wamekonda kwa njaa ya kuzingirwa, aliapa kwamba hilo limemuuma kuliko uovu mwingine wowote wa Nimlot, na maneno hayo yakachongwa kwenye jiwe lililosimamishwa Jebel Barkal, huko Kushi. Mtu anaweza kusema ni ukatili kumlilia farasi wakati watu wa mji nao walikuwa na njaa. Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Lakini ni mfalme yupi mwingine wa magari aliyeacha hasira ya namna hiyo imwakilishe milele?

Huko El-Kurru, Sudan, karibu na makaburi ya nasaba yake, wachimbuaji walikuta farasi 24 waliozikwa kwa safu, wengine na mapambo yao. Na Waashuri wa Iraki ya leo, mabingwa wa vita wa wakati ule, waliwataka farasi wa Kushi kwa ajili ya magari yao. Barua za maofisa wao zinawahesabu wakiwasili. Basi mwalimu wa historia anayefundisha gari la vita kwa watoto wa Afrika na kuanzia Roma ananiudhi kweli. Aanzie El-Kurru, aanzie zizini.