Mwigizaji wa Filamu ya Kikristo: Tunadai Imani Yake au Sura Yake?

Mwaka 1927 Cecil B. DeMille alitengeneza filamu ya kimya kuhusu Yesu, The King of Kings, na kumtwisha H.B. Warner, aliyeigiza nafasi ya Yesu, masharti ambayo mwigizaji wa leo angeyakataa papo hapo. Warner alikula peke yake, alifichwa machoni pa watu wakati wa kwenda na kutoka kazini, na yeye pamoja na Dorothy Cumming, aliyeigiza Mariamu, walitia saini mikataba iliyowakataza kwa miaka mitano kuchukua nafasi nyingine ambazo zingetia doa utakatifu waliouvaa mbele ya kamera. Ukiyatazama vizuri masharti hayo, yalilinda sura. Hayakumwongezea Warner imani wala kumpunguzia. Karibu miaka 100 imepita na bado tunaulizana kama mwigizaji wa filamu ya Kikristo ni lazima awe Mkristo, na mara nyingi tunaulizana bila kuamua kwanza kama tunachokidai ni imani yake au ni ile sura.

Mgogoro ulioanika suala hili waziwazi ni wa mwaka 2006, filamu ya End of the Spear ilipotoka. Inasimulia habari za wamisionari watano Wamarekani waliouawa kwa mikuki na Wawaorani, kabila la wenyeji wa misitu ya Ecuador, mnamo Januari 1956, na jinsi jamaa za marehemu walivyorudi kuishi na watu wale wale. Nafasi ya rubani Nate Saint, na pia ya mwanawe Steve akiwa mtu mzima, alipewa Chad Allen, mwigizaji aliyejulikana hadharani kuwa anapenda watu wa jinsia yake na ambaye alikuwa akitetea haki zao. Baadhi ya wachungaji waliona ni dhihaka mfia dini aigizwe na mtu ambaye msimamo wake unapingana na mafundisho ambayo marehemu aliyafia. Watayarishaji, ambao nao walikuwa Wakristo wa kiinjili, walishikilia kwamba walikwisha kumpa neno lao na hawakuwa tayari kulitangua. Kila upande ulikuwa umeshika Biblia ile ile.

Nianze na wanaodai imani, maana hoja yao hubezwa kabla haijasikilizwa. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu anapotaka hema la kukutania lijengwe, anamjaza Bezaleli roho yake ndipo anamkabidhi kazi ya dhahabu, fedha na mbao. Ustadi na uchaji vinakwenda pamoja. Mtu anayeichukua filamu kuwa sehemu ya ibada hawezi kulaumiwa kwa kuwatafuta waabudu waitengeneze, kama vile hakuna anayeshangaa kwaya ya kanisa inapochaguliwa kutoka kwa waumini wa kanisa hilo. Hivyo ndivyo kanisa la Sherwood Baptist la Albany, jimbo la Georgia nchini Marekani, lilivyofanya. Filamu yake ya Facing the Giants ya mwaka 2006 iligharimu takriban dola 100,000, na sehemu kubwa ya walioonekana ndani yake walikuwa washirika wa kanisa waliojitolea bila malipo. Kumtaka mchungaji wa kanisa kama hilo atangaze usaili kwa watu wote ni kumtaka afanye kazi ambayo hakuikusudia.

Kuna pia suala la dhamiri ya mwigizaji mwenyewe, nalo linaonekana vizuri zaidi katika Fireproof, filamu ya kanisa hilo hilo ya mwaka 2008. Kirk Cameron anaigiza zimamoto ambaye ndoa yake inakaribia kuvunjika, na hadithi haiwezi kwisha bila yeye na mke wa hadithini kupatana na kubusiana. Cameron amejiwekea mwiko wa kutombusu mwanamke yeyote asiye mkewe. Basi siku ya kupiga picha hiyo mkewe halisi, Chelsea, aliletwa akasimama mahali pa mwigizaji wa kike, taa zikawekwa nyuma yao, na kinachoonekana ni vivuli viwili vyeusi vikikaribiana mbele ya mwanga. Mtazamaji asiyeambiwa hajui kitu. Nakiri kwamba suluhisho hilo linanipendeza: nadhiri imetunzwa, hadithi haikupungukiwa, na aliyetafuta njia ni mtayarishaji, si dhamiri iliyolazimishwa kunyamaza. Ila lisitiwe chumvi. Ujanja wa vivuli unatosha kwa picha moja. Filamu inayotaka kuonyesha ndoa nzima mchana kweupe, pamoja na upole wake na ukali wake, ingeishiwa na vivuli mapema.

Hoja ya upande huu inapodhoofika ni pale inaposema kwamba muumini ataigiza imani vizuri zaidi kwa sababu anaijua. Kuijua sala ni jambo moja, na kuionyesha sala ni kazi nyingine. Aliyewahi kutazama filamu za makanisa kwa wingi ataitambua namna hii: mwigizaji anapiga magoti, anafumba macho kwa nguvu kama mtoto anayenyweshwa dawa, sauti inapanda hadi ile ya mimbarini, naye anamalizia kila sentensi kwa usawa kamili, huku mwenzake amesimama kando akisubiri zamu yake ya kusema. Mtu huyo huenda anaomba kila alfajiri kwa machozi ya kweli. Kamera haikuwepo alfajiri, na sasa anachofanya ni kutukumbusha kwamba yeye huomba. Mwigizaji aliyefunzwa, hata asipoamini lolote, anajua kwamba mtu mwenye shida huanza kusema, akakwama, akatazama mikono yake, akaanza tena.

Ndiyo maana upande wa pili nao una Biblia yake. Sulemani anapojenga hekalu, anawategemea Wasidoni kwa sababu hakuna wanaojua kukata miti kama wao, na kazi ya shaba anampa Hiramu wa Tiro, mtoto wa mjane wa kabila la Naftali na baba Mtiro, aliyesifiwa kwa hekima, akili na ustadi. Hatusomi kwamba kuna aliyewahoji wakata miti wale kuhusu miungu yao. Historia ya filamu inafuata mkondo huo zaidi ya tunavyopenda kukiri. Mwaka 1964 Pier Paolo Pasolini, Mmarksi asiyeamini, alitengeneza filamu ya Injili ya Mathayo, akaitolea kwa kumbukumbu ya Papa Yohane XXIII, na nafasi ya Yesu akampa Enrique Irazoqui, mwanafunzi Mhispania wa miaka 19 ambaye hakuwa mwigizaji wala muumini. Nusu karne baadaye, mwaka 2014, gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, liliiita filamu bora kuliko zote zilizotengenezwa kuhusu Yesu. Na katika The Passion of the Christ ya mwaka 2004, ambayo Wakristo wengi waliitazama wakilia, uso wa Mariamu uliowaliza ulikuwa wa Maia Morgenstern, mwigizaji Myahudi kutoka Romania.

Wapo wanaouunga mkono upande huu wa pili kwa kurejea mgogoro wa Wadonati wa karne ya 4 kule Afrika Kaskazini. Wadonati walishikilia kwamba padri aliyeisaliti imani wakati wa mateso hawezi kutoa sakramenti halali; Augustino akajibu kwamba anayebatiza kwa kweli ni Kristo, na doa la mhudumu halifiki kwenye maji. Ulinganisho huo unavutia, lakini naona unavutwa kuliko unavyoweza kunyumbuka, kwa kuwa filamu si sakramenti na mwigizaji hakupewa daraja takatifu na mtu yeyote. Ukweli ni kwamba Kanisa la kale halikuwahi kudai mwigizaji awe mtakatifu; lilimdai aache kazi. Mtaguso wa Elvira huko Hispania, mwanzoni mwa karne hiyo hiyo, uliagiza waigizaji wa maigizo ya bubu waiache kazi yao kwanza ndipo wapokewe. Hata Mtakatifu Genesio, msimamizi wa waigizaji, kwa mujibu wa mapokeo aliongoka akiwa jukwaani anaukejeli ubatizo. Yaani msimamizi wao mwenyewe aliingia kwenye nafasi akiwa mpagani.

Mimi nadhani kiini cha ugomvi hakipo kwenye teolojia. Kipo kwenye namna filamu hizi zinavyouzwa. The Passion of the Christ ilionyeshwa kwa viongozi wa makanisa kabla ya kufika kwenye kumbi za sinema, nao wakaipigia debe. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani kote, na imani ya Kikatoliki ya Jim Caviezel, aliyeigiza Yesu, ikawa sehemu ya habari zake kila alipohojiwa. Tangu hapo njia hiyo imezoeleka. Mwigizaji hatembezwi tena kueleza alivyojifunza nafasi yake; anatembezwa kutoa ushuhuda. Ukishauza ushuhuda wa mtu pamoja na tiketi, umempa mnunuzi haki ya kuukagua, na siku atakapokuta kasoro atadai kwamba amepunjwa. Mtayarishaji anayelalamika kwamba watazamaji wanachungulia maisha ya waigizaji wake angejiuliza kwanza ni nani aliyewafungulia dirisha.

Ukaguzi huo ukianza, haujui pa kuishia. Tamthilia ya The Chosen, inayoongozwa na Dallas Jenkins, Mprotestanti wa kiinjili, imempa nafasi ya Yesu Jonathan Roumie, Mkatoliki anayeizungumzia imani yake waziwazi. Hapo tayari wapo Waprotestanti walioona kwamba muumini huyo si wa aina waliyoitaka. Mwaka 2023 ikaonekana, katika video ya nyuma ya pazia, bendera ndogo ya upinde wa mvua, alama ya wanaotetea haki za wapenda jinsia moja, kwenye kifaa cha mmoja wa wapiga picha, na malalamiko yakafumuka upya. Watengenezaji walijibu kwamba wanafanya kazi na mamia ya watu wenye imani mbalimbali na wengine wasio na imani, na kwamba kazi yenyewe ihukumiwe. Tumetoka kwa Yesu, tukapita kwa mitume, tumefika kwa mshika kamera. Baada yake yupo fundi umeme, na mama mshona mavazi.

Haki nayo ina sura mbili. Mwaka 2019 nchini Uingereza, mwigizaji Mkristo Seyi Omooba aliondolewa kwenye nafasi ya Celie katika mchezo wa muziki wa The Color Purple baada ya kufukuliwa maneno aliyoyaandika Facebook mwaka 2014 kuhusu mapenzi ya jinsia moja. Mwaka 2021 baraza la usuluhishi wa kazi likayakataa madai yake. Wakristo wengi waliona ameonewa kwa imani yake. Anayeona hivyo, akarudi kudai kwamba asiyeamini asiguse nafasi ya Petro, anajikuta ameshika kisu kwenye makali. Lakini visa hivi viwili havilingani kabisa, na tofauti yao ndiyo yenye faida kwangu: Omooba mwenyewe alikiri kwamba asingekubali kumwigiza Celie kama mwanamke anayempenda mwanamke. Hapo imani iligusa kazi yenyewe. Kwa Chad Allen haikuwa hivyo. Hakuomba Nate Saint aandikwe upya.

Swali ambalo mwongozaji ana haki ya kumuuliza kila anayekuja kwenye usaili, awe ameokoka au la, ni kama yuko tayari kumwigiza mhusika huyu jinsi alivyo bila kumdharau. Kutoamini kunavumilika, dharau hupenya kwenye skrini. Mwaka 2014, kabla ya kutoka kwa filamu ya Exodus: Gods and Kings, Christian Bale alimweleza Musa, mhusika wake, kuwa yaelekea alikuwa na ugonjwa wa akili na alikuwa miongoni mwa watu katili kabisa aliowahi kuwasoma. Si lazima mtu awe mlokole ili aone kwamba aliyemhukumu Musa hivyo atapata shida kutuonyesha kwa nini taifa zima lilimfuata jangwani.

Kinyume chake ni Ian Charleson. Katika Chariots of Fire ya mwaka 1981 aliigiza Eric Liddell, mkimbiaji wa Skotlandi aliyekataa kukimbia Jumapili kwenye Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924 na baadaye akawa mmisionari China. Kuna sehemu ambapo Liddell, baada ya mbio, anasimama mvuani mbele ya watu waliojikinga kwa miavuli na kuifananisha imani na kukimbia mbio. Charleson aliona hotuba aliyoandikiwa haina uzito wa mtu anayeamini, akajifunza Biblia kwa kina, akaiandika upya mwenyewe, na maneno yanayosikika kwenye filamu ni yake. Alifariki Januari 1990 kwa UKIMWI, na ndipo umma ulipofahamu kwamba alipenda wanaume. Kufikia wakati huo hotuba ile ilikuwa imekwisha kuwagusa Wakristo kwa miaka tisa.