Asiombe Ruhusa Anayepuliza Filimbi

Kila Juni, kambi za watoto nchini Marekani huwakabidhi vijana wa miaka 18 au 19 dhamana ya watoto wa watu. Wamo na wanaotoka Afrika Mashariki, walioingia kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana utamaduni. Wakifika hupewa kanuni nyingi za kukariri. Kinachokosekana mara nyingi ni mamlaka. Mlezi huyo awe na uwezo wa kusimamisha shughuli yoyote papo hapo bila kumuuliza mtu. Anayetaka shughuli iendelee ndiye atafute kibali.

Chukua kuogelea ziwani. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Kichwa kimelala nyuma, mdomo unazama na kuibuka, mikono inakandamiza maji ubavuni, na dakika haitimii ameshakwenda chini. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika 4 hadi 6 huanza kuharibika. Mlezi akianza kumtafuta msimamizi kwa redio, na msimamizi yuko jikoni anapokea mboga, muda huo umekwisha.

Utaratibu wa Skauti wa Marekani ni mzuri na hauna gharama kubwa. Watoto huingia majini wawili wawili, na kila mmoja hutundika ubaoni kibati chenye jina lake. Asiyejua kuogelea hazidi kina cha futi 3 na nusu. Mwokoaji ni mmoja kwa kila waogeleaji 10, na hawapungui wawili. Kila baada ya dakika 10 hivi filimbi hulia, wenza hushikana mikono na kuiinua juu, kisha hesabu ya majini hulinganishwa na vibati.

Hesabu isipolingana ndipo watu huharibu. Wanahesabu tena, na tena; wanamtuma mtu achungulie chooni, kwa sababu jana na juzi kibati kilisahauliwa ubaoni na mwenyewe akakutwa bwenini anakula biskuti. Hapana! Kibati kimoja kikizidi, wote watoke majini mara moja. Watu wazima washikane mikono, wajipange mstari mmoja, wapite kwenye maji ya kiunoni wakiburuza miguu chini polepole, maana ziwa likichafuka mguu hugusa kile ambacho jicho halikioni. Wapiga mbizi waanzie pale mtoto alipoonekana mwisho. Wakati huohuo, si kabla, mtu mwingine akimbilie bwenini na chooni, na mwingine apige 911, namba ya dharura ya Marekani. Akipatikana hapumui, aanze kupewa pumzi 2 mdomo kwa mdomo, ndipo ifuate mikandamizo 30 ya kifua, kwani aliyezama kilichompata ni kukosa hewa.

Kwa radi, kanuni ni fupi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, watoto waingie kwenye jengo la kuta au ndani ya basi, si hemani, na dakika 30 zihesabiwe upya kila inaponguruma. Watoto watanung'unika, ratiba itavurugika, na mkubwa mmoja atasema "hiyo iko mbali." Ikisikika, iko karibu kiasi cha kuua.

Tarehe 4 Julai 2025, kabla ya mapambazuko, mto Guadalupe huko Texas ulifurika ghafla na kuua watoto na walezi 27 wa kambi moja. Kambi yoyote ya kando ya mto inahitaji mahali pa juu palipochaguliwa mapema, njia iliyokwisha kutembewa gizani, tochi kila bweni, na mlezi anayejua kwamba anaweza kuwaamsha watoto na kuwapandisha huko bila kungoja sauti ya mtu.

Kwa hiyo, mkurugenzi, siku mlezi atakapowatoa watoto majini bure, mshukuru mbele ya wenzake siku hiyohiyo. Ukimkemea, wote wataanza kungoja. Na wewe mzazi, muulize mlezi mwenyewe: ikinguruma sasa hivi utafanya nini? Akijibu kwamba ataenda kuuliza kwanza, zungumza na mkurugenzi kabla hujashusha begi la mwanao.