Niuzieni chai, msiniuzie rangi

Jumamosi iliyopita nimelipa dola nne kwa ajili ya rangi. Si rangi ya nyumba, ya kunywa.

Ilikuwa kwenye mkahawa mmoja mpya wa Ibanda, wenye viti vya chuma visivyokalika na maua ya plastiki ukutani kwa ajili ya wanaokuja kupiga picha. Mdogo wangu alikuwa amefika kutoka Goma, na akija huwa anataka kuonyeshwa kwamba na sisi wa Bukavu tunaishi. Kwenye menyu nikaona "chai ya maziwa kwa frezi", yale matunda mekundu wengine wanayaita stroberi. Nikalainika. Asubuhi ile ile nilikuwa nimepita soko la Nyawera, nikawaacha mama wamepanga frezi kwenye vikapu, zimeiva mpaka harufu inakusindikiza hatua kumi. Nikajisemea, hatimaye kuna mtu mwenye akili mjini.

Mwenye akili akatokea, kijana mpole mwenye aproni nyeusi. Akakata pakiti, akamwaga unga wa pinki kwenye kikombe, akatia maji ya moto, akatia barafu, akafunika na kutikisa kama kayamba.

"Kijana wangu, frezi ziko wapi?"

"Ziko ndani, mama."

"Ndani ya nini?"

Akanionyesha pakiti. Na kweli zilikuwepo: mbili, zimechorwa vizuri, hadi tone la umande juu ya jani.

Niliomba ile pakiti nikaisoma pale pale, mdogo wangu akijifanya hanijui. Sukari. Sukari nyingine yenye jina refu. Mafuta ya mawese yaliyogandishwa kiwandani. Protini ya maziwa. Rangi. Na mwisho kabisa, kama mgeni aliyekosa kiti kwenye harusi, "ladha ya frezi". Si maziwa ya ng'ombe yenyewe, si tunda, na chai yenyewe ilikuwa unga.

Chai ya maziwa naipenda, wala sina shida na kitu kuwa cha kigeni. Hii ya baridi, yenye punje za kutafuna, ilianzia Taiwan miaka ya 1980, na wenyewe kwa wenyewe hawajapatana ni nani aliyeanza: nyumba mbili za chai, moja ya Taichung na nyingine ya Tainan, zilivutana mahakamani miaka kama kumi, mpaka 2019 mahakama ikasema kinywaji hiki hakina hati ya mtu, kila anayetaka atengeneze. Kila anayetaka. Mimi hapo nasikia na Kadutu yetu ya Bukavu imo.

Sasa angalieni tunavyokaa. Majani ya chai yanaota huku kwetu. Ukipanda kuelekea Tshivanga, kwenye mbuga ya Kahuzi-Biega, unaona mashamba yake kabla hujafika kwenye sokwe. Maziwa yanashuka kila asubuhi kwenye vibido vya njano. Marakuja (pasheni), binyomoro, frezi, ndizi ndogo tamu, embe za upande wa Uvira, avoka za kumwaga. Zile punje nyeusi za kutafuna zinazowafanya watoto wa mjini wapagawe ni wanga wa muhogo. Muhogo! Sisi! Kongo ni kati ya nchi zinazolima muhogo mwingi kuliko zote duniani, na bado tunanunua punje za muhogo kwenye mfuko wenye maandishi ya Kichina, halafu tunaita huo ni ustaarabu.

Nimejiuliza wiki nzima kwa nini. Wengi watasema ni kupenda vya nje, basi, habari imeisha. Mimi naona sababu nyingine, na ninaijua kwa sababu iliwahi kuniaibisha. Tunda la kweli linakata maziwa. Unga haukati.

Mwaka juzi mama mkwe alikuja kututembelea. Nikataka kumshangaza. Nikachemsha chai nzito ya maziwa kama kawaida, na ikiwa bado inafuka nikakamulia marakuja nne ndani. Mbele ya macho yangu ile chai ikagawanyika: maji ya njano chini, mabonge meupe juu. Mama mkwe akaichungulia kwa adabu, akasema, "Binti yangu, hii ni chai ao ni mashanza?" Mpaka leo kwenye kila sherehe ya ukoo lazima mtu aniulize kama nimeleta mashanza yangu.

Lakini mzee yule alikuwa amesema ukweli wa kitaalamu bila kujua. Mashanza ni nini? Ni maziwa yaliyoingiwa na ukali polepole mpaka yakashikana. Maziwa mabichi yana ukali mdogo sana, pH yake ni karibu 6.7 (pH ni kipimo cha ukali: namba ikishuka, ukali unapanda). Ikishuka kufika kama 4.6, protini yake inaachana na maji na kushikana mabonge. Marakuja ina pH ya karibu 3. Ukiiweka kwenye maziwa ya moto, umefanya kwa sekunde mbili kazi ambayo kibuyu kinafanya kwa siku mbili. Maziwa hayajaharibika hapo, yamefanya tu tabia yake. Jibini la Masisi tunalojivunia nalo linaanza na maziwa kukatika, ila pale anayekata anajua anachokata.

Basi mwenye mkahawa anapochagua pakiti, anachonunua ni usalama. Unga hauna asidi ya tunda kwa sababu hauna tunda. Hautamwaibisha mbele ya mama mkwe wa mtu. Na sisi tumeshaanza kuita hali hiyo "kaliti". Kikombe kisichoweza kuharibika kwa sababu hakuna kitu ndani cha kuharibika! Kwa hesabu hiyo, ua la plastiki la ukutani pale ni bora kuliko bustani yote ya mama yangu.

Nawaambia ninavyofanya sasa, baada ya sufuria kadhaa kumwagwa. Sidai dola nne.

Tunda halikutani na maziwa likiwa bichi wala likiwa moto. Marakuja nane au kumi nazikwangua kwenye sufuria ndogo, natia sukari karibu uzito ule ule, naziweka kwenye mbabula, jiko la mkaa, moto ukiwa umepungua, nakoroga mpaka inavuta kama asali nyepesi. Nachuja mbegu. Frezi nafanya vile vile, ila naziponda na sichuji, napenda vile vipande. Sharubati hiyo inapoa kabisa, kabisa, ndipo inaingia kwenye chupa.

Chai napika peke yake, bila maziwa, nzito kuliko ya kunywa asubuhi: vijiko viwili vilivyojaa kwa glasi mbili za maji. Hapa video za mtandaoni zitawadanganya. Wanasema dakika tatu. Ziwa letu la Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na sisi tunakaa juu zaidi ya hapo. Kwa kimo hicho maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 95 hivi, hayafikii 100. Majani hayatoi nguvu zake haraka. Nayaacha dakika tano, hata sita, kisha nachuja na kuiweka sufuria kwenye beseni la maji baridi. Wenye friji mnajua la kufanya. Sisi wa umeme wa kubahatisha, usiku wa Bukavu kwenye dirisha unatosha.

Kisha, kwa mpangilio huu, tafadhali, maana ndipo watu wengi wanapoharibu: kijiko kimoja na nusu cha sharubati chini ya glasi, si zaidi, chai baridi mpaka nusu, maziwa baridi mwisho, polepole, juu ya mgongo wa kijiko. Maziwa yawe yameshachemshwa na kupozwa, na yawe mazito, hata ukiongezea kijiko cha maziwa ya unga si dhambi. Sharubati ikiwa kidogo, pH ya glasi nzima haishuki kufika pale pa kukatika. Na hata ikikaribia, baridi inachelewesha mabonge. Unakoroga mara moja, unakunywa. Usiiweke mpaka kesho. Usiipashe moto. Jirani yangu aliipasha moto, akaja kunilaumu.

Kwa wanaotaka ya moto, acheni marakuja kwa amani. Chukueni ndizi iliyoiva mpaka ngozi ina madoa, pondeni, chemsheni kidogo na maziwa. Ndizi haina ugomvi na mtu. Embe iliyoiva vizuri nayo ni mpole. Papai na nanasi mbichi zina hila nyingine: zina kimeng'enya kinachokula protini ya maziwa, ukiacha nusu saa unapata uchungu usioelewa umetoka wapi. Zichemsheni kwanza, hila inakufa.

Kuhusu punje za muhogo nitasema kifupi kwa sababu bado najisikia vibaya. Nilichukua unga wa bugali. Nikajiambia muhogo ni muhogo. Nikakanda na maji ya moto na sukari, nikaviringisha vidonge sabini kimoja kimoja, nikavichemsha. Vilitoka vidonge sabini vya bugali, vina harufu yake ile ile ya muhogo uliolowekwa, vinaelea ndani ya chai ya frezi. Mume wangu aliuliza sombe, mboga ya majani ya muhogo, iko wapi. Kinachotakiwa ni wanga peke yake: unakuna muhogo mtamu ukiwa mbichi, unauosha kwenye kitambaa, unaacha maji yatulie mpaka weupe ukae chini, unamwaga maji, unaanika. Huo ndio unashikana na kuwa kama mpira. Ni kazi ya siku mbili kwa punje za glasi nne, na sitajifanya kwamba naifanya kila wiki.

Haya, nikubali na mengine, ingawa ulimi unakataa. Yule mwenye mkahawa analipa pango, analipa kodi za majina ambayo hata anayezidai hayajui yote, na frezi zinaoza kwa siku mbili wakati pakiti inakaa mwaka. Nikiwa mahali pake, labda na mimi ningekuwa na pakiti moja chini ya meza. Labda. Lakini ningeandika kwenye menyu "unga wa pinki", tuone nani atatoa dola nne.

Sharubati haiozi kwa siku mbili. Ndiyo maana watu waligundua kupika matunda na sukari. Angeweza kununua kapu zima la frezi saa kumi na moja jioni, mama anapotaka kurudi nyumbani na hataki kurudi na mzigo. Jumapili nilikwenda mwenyewe saa hiyo. Mama mmoja alikuwa amebaki na kapu moja, ameshaanza kulifunika na kitenge. "Maman, chukua yote, hii iko tamu, usiogope. Kesho haitakuwa kitu." Alinipa yote kwa elfu tano, na bado akaniongezea mkono mmoja wa baraka, yaani zile zilizopondeka. Elfu tano za franka, kapu zima. Nililibeba mpaka nyumbani nikiwa na hasira ambazo sikujua nimwelekeze nani.

Nilipika chupa mbili za sharubati. Nikawaita watoto wa yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, kwa sababu ndio walionifundisha neno hili la chai ya maziwa na ndio mahakimu. Glasi zilikuwa na rangi ya matofali yaliyofifia, siwafichi, frezi ikipikwa inapoteza ule wekundu wa pichani. Yule mkubwa alikunywa glasi mbili bila kusema kitu. Yule mdogo, miaka saba, alimaliza yake, akalamba kijiko, akapitisha kidole ndani ya glasi kutoa vipande vilivyoganda chini. Halafu akaniuliza kwa heshima kabisa:

"Tantini, siku nyingine tunaweza kupata ile ya pinki?"

Nikamwambia beseni la kuoshea glasi liko nyuma ya nyumba.