Kanuni za nishati zianzie kwenye mkutano wa kijiji

Kwenye nyumba nyingi za kupanga za Ujiji, mkoani Kigoma, mita ya umeme ni moja na familia ni tano au sita. Kila chumba kina taa, redio na simu za kuchaji, na mpangaji mmoja ana friji ya kugandishia barafu za kuuza. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Akizidi, anahamishiwa kundi la shilingi 292, na ukijumlisha kodi na tozo anafika kama 356. Kiwango hicho cha uniti 75 kiliwekwa kumlinda mwenye kipato kidogo. Lakini mita haijui kuna familia ngapi nyuma ya ukuta, kwa hiyo kaya sita za watu wa hali ya chini zinahesabiwa kama mteja mmoja mwenye uwezo, na ugomvi wa nani kamaliza umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, hauishi.

Kasoro ya namna hii haionekani kwenye jedwali la mhasibu. Anaijua anayeishi ndani yake, na ndiyo maana naamini kanuni za nishati zinapaswa kuanza kujadiliwa na wananchi kabla hazijaandikwa.

Si kweli kwamba wananchi wamefungiwa mlango kabisa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, hufanya taftishi, yaani mikutano ya wazi ya kukusanya maoni, kabla ya kubadili bei, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji linalotakiwa kuwasemea. Tatizo langu liko kwenye wakati. Mwananchi anaitwa ombi likishaiva, ajadili asilimia. Mwaka 2016 shirika la umeme, TANESCO, liliomba kupandisha bei kwa asilimia 18.19, EWURA ikakubali 8.53, kisha serikali ikasimamisha ongezeko lote siku moja kabla halijaanza. Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Ila uamuzi uliopitia taftishi ukifutwa kwa agizo la siku moja, hata kama ni kwa faida ya mlaji, mtu wa Kibirizi hapa Kigoma atajiuliza nauli ya kwenda kutoa maoni ni ya nini.

Wanaopinga kuwashirikisha wananchi zaidi wana hoja nzito, na hapa Kigoma ina uzito wa pekee. Mkoa huu uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli hadi ulipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Mtu aliyekaa gizani miaka yote hiyo hataki kusikia habari ya kikao kingine. Anataka nguzo. Tena kupanga bei ni hesabu: ukiwauliza watu wangependa kulipa kiasi gani, watasema kidogo, na shirika likikosa fedha za kukarabati laini, wa kwanza kukosa umeme ni hao hao.

Hoja hiyo ya hesabu ina ushahidi. Chini ya kanuni za miradi midogo ya umeme ya vijijini, mwendeshaji wa mtambo usiofika kilowati 100 alijipangia bei mwenyewe, na asilimia 15 ya wateja wake wakilalamika, EWURA iliweza kuipitia. Mwaka 2020 likaja agizo kwamba miradi hiyo nayo itoze shilingi 100 kwa uniti. Wanavijiji walipata nafuu mara moja. Kampuni zikasema bei hiyo hairudishi gharama. Mimi nauona mfano huu ukinipa nguvu kuliko kunipinga: mwanakijiji hakuwekewa mezani hesabu nzima, achague kati ya umeme wa bei ya chini wa taa tu na wa bei ya juu kidogo unaosukuma mashine ya kusaga na ya kukamulia mawese. Alibaki na nafasi ya kulalamika tu.

Na hoja ya ucheleweshaji? Tuutazame mto Malagarasi. Mradi wa umeme wa maporomoko ya Igamba ulikuwa kwenye mpango wa fedha za Marekani uliosainiwa mwaka 2008, kisha ukaachwa kwa sababu ya viumbe adimu wa mto ule, na badala yake ikaja miradi ya sola. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 120 kwa mradi wa megawati 49.5 kwenye mto huo huo. Si mkutano wa kijiji uliozuia umeme ule. Uamuzi ulikuwa wa wafadhili na wataalamu, na sikatai kwamba viumbe wale wanastahili kulindwa. Ninachosema ni kwamba gharama ya kusubiri ilibebwa na Kigoma.

Sheria zetu tayari zinakiamini kijiji kwa mambo makubwa kuliko bei ya uniti. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Tanzania pia iliunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili mwaka 2007, ingawa serikali haitengi kabila lolote kwa jina hilo. Kwa Kigoma, kwa Waha, Watongwe, Wabembe na Wamanyema, nadhani njia ya mkutano wa kijiji na mtaa inatosha, kwa kuwa inamgusa kila anayelipa.

Mikutano hiyo nayo ina ugonjwa wake. Mwenyekiti huongea sana, na akina mama, ambao ndio wanaonunua mkaa, kuni na LUKU, hukaa nyuma wakasikiliza. Kwa hiyo rasimu ya kanuni ibandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya kata mwezi mzima kabla ya taftishi. Kikao kifanyike mwaloni Kibirizi au sokoni Mwandiga, saa ambayo anika ya dagaa imekwisha, na wanawake watengewe muda wao wa kusema. Kisha EWURA ijibu kwa maandishi, kata kwa kata, ni maoni gani imeyakubali, yapi imeyakataa na kwa nini. Ningependa jibu la kwanza liwe juu ya mita moja yenye familia sita.