Dar viti 12, Zanzibar viti 50: nilianza na hasira nikaishia kwingine

Juzi usiku umeme ulikatika, simu ina asilimia 30, na badala ya kulala kama watu wengine nikafungua kikokotoo nikaanza kupiga hesabu za majimbo ya ubunge. Ndo hivyo, kila mtu na ugonjwa wake. Chanzo ni shemeji yangu wa Pemba, kamuoa dada yangu, mtu mpole kweli kweli, ila ukigusa Muungano tu anaweka kikombe cha kahawa chini na hapo ujue hulali mapema.

Ilikuwa hivi. Alikuwa ananisimulia kwenye simu kwamba mbunge wao alikuja mazikoni kwa jirani, akakaa kwenye mkeka na watu, na shemeji akapata nafasi ya kumwambia kuhusu kisima cha mtaani kwao ambacho maji yamekuwa ya chumvi. Hivyo tu, mkekani, hakuna katibu wala foleni. Mi nikabaki nacheka peke yangu, maana nilikumbuka miaka ile napanga sehemu moja hapa Dar (jimbo silitaji, simdai mtu) nilivyoenda ofisi ya mbunge mara tatu kwa ajili ya kivuko cha mtaani kwetu kinachozama kila masika. Mara ya kwanza yuko Dodoma. Mara ya pili yuko Dodoma. Mara ya tatu nikapewa kikaratasi kimeandikwa namba 64 kwa peni ya bluu, nikakaa kwenye benchi katikati ya mama anayetafuta ada ya mtoto na vijana wa timu ya mtaa wanaotaka jezi, mpaka saa nane mchana katibu akatoka akasema mheshimiwa kapata dharura. Kile kikaratasi kilikaa kwenye waleti mpaka maandishi yakafutika.

Ndo nikaanza hesabu. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima. Zanzibar peke yake ni 1,889,773. Mkoa wa Dar es Salaam ni 5,383,728. Sasa viti: mwezi Mei 2025 Tume ya Uchaguzi iliongeza majimbo manane, Kivule na Chamazi hapa Dar, Mtumba Dodoma, Uyole Mbeya, Bariadi Mjini, Katoro, Chato Kusini na Itwangi, tukatoka majimbo 264 kwenda 272. Kati ya hayo Bara 222, Zanzibar 50. Dar yote kwa ujumla wake, pamoja na hayo mawili mapya, ina 12.

Gawanya mwenyewe. Zanzibar ni kama watu 37,800 kwa jimbo. Pemba ukiichukua peke yake, watu 543,441 kwa majimbo 18, ni 30,000 na kidogo. Dar ni watu karibu 449,000 kwa jimbo. Yaani kura moja ya Zanzibar inabeba uzito wa kura 12 za Dar, na hapo ni baada ya kuongezewa majimbo! Kabla ya hapo Temeke nzima, watu 1,346,674, ilikuwa na wabunge wawili tu, Temeke na Mbagala. Namba 64 nilipewa kwa huruma.

Na msidhani ni Bara na Visiwani tu. Hapa hapa Dar, Kigamboni ina watu 317,902 na mbunge wake mmoja, halafu Ubungo ina watu 1,086,912 na majimbo mawili, Ubungo na Kibamba, kwa hiyo wastani 543,000 kila moja. Mtu akihama Kimara akaenda kujenga Kigamboni, uzito wa kura yake unapanda akiwa bado analipa dalali. Mafia nayo ina watu kama 66,000 na mbunge wake, ila sijawahi kusikia mtu analalamikia Mafia, na mimi silalamiki, kisiwa ni kisiwa, huwezi kuwaambia wawe wanapanda boti kwenda kumtafuta mbunge Rufiji.

Na hapo ndo unagundua kwamba idadi ya watu ni kigezo kimoja tu kati ya vingi. Tume inaangalia jiografia, mawasiliano, hali ya uchumi, mipaka ya kiutawala, mazingira ya Muungano, na kuna kimoja nikikisoma huwa nachoka kabisa: uwezo wa ukumbi wa Bunge. Yaani viti vya kukalia pale Dodoma! Watu wanazaliana Mbagala, kipimo ni ukumbi. Katiba ibara ya 75 inataka majimbo yapitiwe angalau kila baada ya miaka 10, sawa, yanapitiwa, lakini kupitia siyo kusawazisha, ni kuongeza kiraka pale palipochanika zaidi.

Majimbo yenyewe siyo Bunge lote lakini. Chukua Bunge la 2020 maana namba zake zimetulia (uchaguzi wa Oktoba 2025 una mambo yake mazito ambayo sitayachanganya na kikokotoo). Majimbo 264, viti maalum vya wanawake 113, watano wanaletwa na Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la Zanzibar lenyewe kwa mambo yasiyo ya Muungano, Mwanasheria Mkuu anaingia kwa cheo chake, na Rais ana nafasi zake 10 ambazo angalau tano lazima ziwe za wanawake. Hizi nafasi 10 watu wanaziona zawadi ila zina kazi, kwa sababu kwetu huwezi kuwa waziri bila kuwa mbunge, kwa hiyo Rais akimtaka mtu wa nje anampa ubunge kwanza halafu uwaziri. Ndo ilivyokuwa kwa Balozi Mulamula Machi 2021, mkononi ubunge, mkono mwingine Mambo ya Nje.

Kuhusu viti maalum nina maneno kidogo maana nimebadilika. Zamani nilikuwa kundi la "vifutwe". Sasa angalia hii: 2020 CCM ilichukua majimbo 256 kati ya 264, hiyo ni asilimia 97. Viti maalum je? 94 kati ya 113, asilimia 83, na 19 vikaenda Chadema, chama ambacho jimboni kilipata kiti kimoja tu. Kwa nini tofauti? Kwa sababu viti maalum vinagawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge ambazo chama kimepata nchi nzima, mradi kifikishe asilimia 5, wakati jimboni aliyeongoza kwa kura moja anabeba vyote na za wengine zinaenda na maji. Kwa hiyo kitu pekee kwenye Bunge letu ambacho kura ya aliyeshindwa bado inahesabika ndo hicho tunachokitukana kila siku mtandaoni. Ubaya wake ni orodha. Chama kinapanga majina kwa utaratibu wake, mpiga kura hayaoni kwenye karatasi, na matokeo yake tuliyaona kwa wale wanawake 19, chama kinasema hatukuwapeleka, wao wameshaapa Novemba 2020, na ubishi ukaenda mahakamani huku wao wanaendelea kukaa bungeni. Orodha ingebandikwa wazi kituoni kabla ya kupiga kura, ubishi ule ungekosa pa kusimama. Halafu tuache kuwaona nusu wabunge. Uwaziri mkuu hawaruhusiwi kwa sababu unataka mbunge wa jimbo, halafu tunawauliza mbona hawana meno.

Turudi kwa shemeji. Nikamtumia hesabu zote WhatsApp, nikaweka na ile ya mwisho ambayo niliona ndo nimemmaliza: tukigawa majimbo 272 kwa vichwa, Zanzibar inapata nane. Nane na nukta.

Akanipigia. Hakupandisha sauti, hapandishagi. "Shemegi, nane? Sisi tuliingia mwaka 64 kama nchi, na bendera yetu na kiti chetu Umoja wa Mataifa. Hatukuingia kama mkoa. Nyie mna milioni 60, mkitaka kutuhesabu vichwa basi hata hivyo vinane mtuachie tu msisumbuke kutuita."

Nikajibu kwamba ulinzi wao hauko kwenye idadi. Na hili watu wengi wa pande zote mbili hawalijui, kwa hiyo niliseme taratibu. Ibara ya 98 ya Katiba inasema mambo fulani makubwa hayabadilishwi mpaka yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, kila upande unahesabiwa peke yake. Kuwepo kwa Muungano wenyewe, madaraka ya Serikali ya Mapinduzi, orodha ya mambo ya Muungano, yote yako humo. Wabunge wa Zanzibar wangekuwa 50 au wangekuwa 15, theluthi moja na ushee wakikataa, jambo limekufa. Na unajua kitu gani kingine kiko kwenye orodha hiyo? Idadi ya wabunge kutoka Zanzibar. Yaani kupunguza wale 50 lazima hao hao wakubali kwa theluthi mbili, sawa na kuwaita makondakta wapige kura ya kushusha nauli.

Shemeji akakaa kimya kidogo, nikajua nimepata. Akaniuliza, "Na ile rasimu ya Mzee Warioba ulisoma?"

Nilisoma, ila nilikuwa nimesahau namba, nikaenda kuangalia tena, na hapo ndo nikaharibikiwa. Rasimu ya Katiba mpya iliyoandikwa na Tume ya Jaji Warioba mwaka 2013 ilitaka serikali tatu na Bunge la Muungano la watu 75 tu: 50 wa Bara, 20 wa Zanzibar, na watano wa kuteuliwa kuwakilisha watu wenye ulemavu. Kila jimbo la uchaguzi linatoa wawili, mwanamke na mwanaume, viti maalum kwisha. Sasa piga hesabu, 20 kati ya 70 wa kuchaguliwa ni zaidi ya asilimia 28. Leo hii 50 kati ya 272 ni asilimia 18. Yaani rasimu ambayo mimi mtu wa Bara niliishangilia barazani ilikuwa inampa Mzanzibari sehemu kubwa kuliko hii inayonikera! Na haikunikera hata chembe. Kwa nini?

Kwa sababu Bunge lile lingekuwa la mambo ya Muungano tu. Ulinzi, mambo ya nje, uraia, sarafu na vingine vichache, basi. Barabara za Temeke, shule za Tabora, pamba ya Simiyu vingekuwa na bunge lake huku. Ila Bunge Maalum la Katiba la 2014 likaikata ile sehemu ya serikali tatu, Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, walikuwa wameshatoka nje tangu Aprili, ikapitishwa Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na mpaka leo tunatumia ya 1977 na viraka vyake.

Kwa hiyo ishu yangu na wale 50 siyo kwamba ni wengi. Ishu ni kwamba Bunge moja limepewa kazi mbili. Asubuhi ni Bunge la Muungano, mchana ni Bunge la Bara, viti vile vile, na hakuna anayetoka nje ikifika zamu ya bajeti ya TAMISEMI, wizara ya mikoa na serikali za mitaa za Bara. Kwenye mambo ya Muungano shemeji yangu awe na uzito mara 12, sina neno kabisa, ni makubaliano ya nchi mbili. Ila kwenye kivuko changu kile cha masika, ambacho si cha Muungano, mbunge wa Pemba anapiga kura sawa na wangu, na mimi Baraza la Wawakilishi kule Chukwani sina hata wa kunisemea kisima cha Pemba, na wala sihitaji. Angalau kwa kuanzia, bila hata kugusa Katiba nzima, wabunge wa Zanzibar wangekubaliana tu kukaa pembeni kura zikipigwa kwa mambo ya Bara peke yake. Kwenye majimbo ya Bara ambako hakuna kisingizio cha Muungano, tuweke wastani na kiwango cha kupishana ambacho Tume hairuhusiwi kukivuka, visiwa na wilaya zenye watu wachache kama Mafia zipewe msamaha wake kwa maandishi, na ukumbi ukijaa waongeze mabenchi.

Na kisima sasa. Katikati ya haya yote nikashtuka: maji si jambo la Muungano! Mtu wa kuambiwa habari ya kisima Pemba ni Mwakilishi, yule wa Baraza, siyo mbunge. Mbunge labda achomoe kitu kwenye Mfuko wa Jimbo au mfukoni mwake, basi. Ila akifika Dodoma ana kura kamili kwenye bajeti ya Wizara ya Maji inayochimba visima vya Dodoma na Singida. Nikamwandikia shemeji, shem, mlikaa mkekani na mtu asiyehusika.

Akanijibu kwa voisi ya sekunde tisa, nasikia na kuku nyuma. "Mwakilishi naye alikuwepo. Tulimwambia pia. Kasema atamwambia mbunge."