Ukimfukuza shule, umempeleka kijiweni

Mwanafunzi akikutwa na bangi, shule nyingi hapa Dar zinajua njia moja: viboko, mzazi aitwe, kisha asimamishwe masomo. Mwalimu wa nidhamu anapumua. Mzigo unahamia mtaani kwetu.

Tunasema bangi ndiyo iliyomtoa darasani. Kwa vijana ninaowaona huku Mbagala, wengi darasa lilishawatoa zamani. Mtoto kasoma kwa Kiswahili shule ya msingi yote, anaingia kidato cha kwanza anakuta karibu kila somo ni Kiingereza. Anakaa nyuma, ananakili ubaoni asichokielewa. Mtihani wa kidato cha pili ukikaribia anajua fika kitakachomkuta, anaanza utoro.

Na utoro wa Dar hauhitaji ujanja. Simama kituoni Rangi Tatu alfajiri. Kondakta kaziba mlango kwa mkono, "Wanafunzi wawili tu!", watu wazima wanapita. Wenye sare wanabaki, maana nauli yao ni ndogo (sheria inawalinda, kondakta analinda hesabu ya bosi). Wakifika shuleni wamechelewa, fimbo inawasubiri. Wengine wanaona bora wasifike. Hapohapo kituoni kuna mwenye meza anayeuza kuberi, tumbaku ya kubana mdomoni, pakiti ndogo, hela ya chakula cha mchana inatosha. Dogo anaibana chini ya mdomo, hakuna moshi wa kumfichua nyumbani. Wakubwa wa kijiwe watamfundisha mengine.

Sibishi kwamba bangi inaharibu masomo. Inavuruga kumbukumbu na umakini, tena kwenye ubongo ambao bado unakua. Akivuta anafeli, akifeli anavuta. Sasa kumwongezea siku nzima za kukaa bure ni adhabu ya namna gani?

Methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, ilianza kutolewa hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke. Jambo jema, lakini hiyo ni ya heroini, mtu keshakuwa teja. Wa kidato cha pili anahitaji mtu mapema zaidi, na kwenye karatasi yupo: mwalimu wa malezi na ushauri nasaha. Ila ndiye huyohuyo wa jiografia, mwenye mikondo kadhaa na rundo la madaftari ya kusahihisha.

Apunguziwe vipindi. Aliyekamatwa abaki shuleni, aripoti kwake kila siku, na mzazi aitwe kuzungumza badala ya kukabidhiwa barua. Yule mwenye meza pale kituoni naye aulizwe anamuuzia nani.