Nimehama Ngeli

Ripoti ya mazoezi ya kufundisha ina sehemu nyingi, na karibu zote mtu anaweza kuzijaza huku anasinzia: idadi ya vipindi, mada zilizofundishwa, changamoto, mapendekezo. Changamoto ndizo nyepesi kuliko zote, kwa kuwa kila mwaka ni zile zile, uhaba wa vitabu na wingi wa wanafunzi, na hata anayezisoma huzipitia kama mtu anavyopitia tangazo la mbuzi aliyepotea mtaa wa pili. Kilichonikwamisha ni sehemu ya mwisho, iliyoandikwa hivi: "Eleza namna ulivyokua kitaaluma na kama mtu binafsi katika kipindi cha mazoezi." Niliitazama siku tatu. Nilipojipima kwa suruali niliona nimepungua. Nilipojipima kwa daftari la mama wa mgahawa niliona nimeongezeka, lakini kilichoongezeka ni deni. Siku ya nne nikaandika maneno mawili, "Nimehama ngeli," nikaikabidhi. Imerudi jana ikiwa na neno moja kwa wino mwekundu: "Fafanua." Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi lakini zenye hasira zaidi: "Kurasa mbili."

Haya, nafafanua.

Nilipangiwa wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, wiki nane kuanzia mwezi wa saba. Mimi ni mtu wa Mbagala, Dar es Salaam. Kwetu upepo ni kitu cha kununua dukani, kikiwa na waya wake na pangaboi lake. Kongwa mwezi wa saba upepo unatolewa bure, tena unakuja na vumbi lake na baridi yake, na ukifungua mdomo kuwasalimu wanafunzi mstarini saa moja na robo asubuhi, unaifunga salamu ukiwa umekwisha kunywa chai. Bibi aliyenipangisha chumba aliniona usiku wa kwanza nikinyoosha shati jeupe kwa pasi ya mkaa, akacheka mpaka akatafuta kigoda akae. Sikujua anacheka nini. Nilijua kesho yake, nilipofika getini shati likiwa na rangi ya tofali.

Getini kulikuwa na mzee mlinzi. Akaniuliza, "Wewe, sare yako iko wapi?" Nikamweleza kwa adabu zote, shikamoo ikiwa imetangulia, kwamba mimi ni mwalimu. Akanipima kutoka utosini hadi viatuni, safari ambayo kwa kimo changu haimchoshi mtu, kisha akasema, "Wote mnasema hivyohivyo," akanisimamisha kando pamoja na wachelewaji watatu. Tulisimama pale karibu robo saa. Mmoja wa wale wachelewaji, kijana mrefu aliyenizidi kwa kichwa kizima, aliniuliza kwa huruma nimetokea shule gani na nimefukuzwa kwa kosa lipi. Aliyeniokoa ni mwalimu wa zamu, ambaye naye alianza kwa kuniuliza kwa nini sijachomekea.

Nilipotoka hapo nikapita chini ya madirisha ya Kidato cha Pili B, darasa ambalo ndilo nililokuwa nimekabidhiwa, na nikaisikia sauti ya kijana ikisema waziwazi: "Kaeni, katicha kanakuja!"

Naomba msomaji mwenye wino mwekundu aelewe uzito wa jambo hili. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Katika ngeli tisa, yaani makundi ya nomino, tunazofundisha kwa kigezo cha upatanisho wa kisarufi, kuanzia YU-A-WA ya watu na wanyama mpaka PA-MU-KU, hiyo KA haimo kabisa. Imeazimwa kutoka lugha zetu nyingine, nayo hutumika kwa kambuzi, kamti, kachumba, na vitu vingine ambavyo mtu akivikanyaga haoni haja ya kuomba radhi. Wangenitia KI-VI ningevumilia, maana humo nina wenzangu wa heshima kama kiti na kitabu. Lakini katicha, tena kanakuja! Nilikuwa nje ya sarufi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu nilipewa siku ya kwanza, saa nne, wakati wengine wanakunywa chai. Mwalimu wa somo alinipa mkono, akasema, "Karibu sana, tulikuwa tunakusubiri," na ninaamini hakuna karibu iliyowahi kutoka moyoni kama ile, kwa sababu aliniachia vipindi vyake vyote, akachukua mkoba wake, na nikamwona tena wiki ya pili. Mwalimu wa taaluma akanihesabia chaki mbili. Nilipouliza kama ni za kipindi au za siku, akanijibu kwamba swali hilo walimu wenye uzoefu hawaliulizi.

Tena, jamani, nani aliyewadanganya watu kwamba Kiswahili ni somo la kupumzikia? Mwenzangu wa Fizikia akipita kijijini watu wanampisha njia, mimi nikisema nafundisha Kiswahili, wananiuliza, "Kwani hawakijui?" Wanakijua, naam, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Wanafunzi hawana namna ya kumbishia mwalimu wa Fizikia juu ya kani na msukumo, lakini mwalimu wa Kiswahili anabishiwa na darasa zima, kisha anabishiwa na muuza karanga nje ya geti.

Sauti ilinikauka wiki ya pili. Kuwafikia wanafunzi 86 katika chumba kimoja, upepo ukipiga mabati, kunahitaji mapafu ya mnadani. Mwalimu wangu mlezi, mama mmoja mtu mzima ambaye hajawahi kuonekana akikimbia wala kupaza sauti, alinikuta nimeinamia meza ofisini. Nikamwambia, "Mama, mimi nimeshindwa." Akaendelea kusahihisha madaftari yake, akasema, "Mwanangu, hapa Kongwa Waingereza walikuja mwaka 1947 kulima karanga, na matrekta yao, na wataalamu wao. Mwaka 1951 wakafunga virago. Wewe una chaki mbili tu na unataka ushinde kwa wiki mbili?" Kisha akanipa tangawizi. Mpaka leo sijaamua kama yale yalikuwa maneno ya kunitia moyo.

Sasa niungame kuhusu maandalio ya somo. Andalio lina sehemu ya tathmini, ambayo hujazwa baada ya kipindi, mwalimu akieleza wanafunzi wangapi wameelewa. Mimi nilikuwa naijaza usiku uliotangulia, kitandani, kwa tochi ya simu, nikiandika kila mara: "Asilimia 85 ya wanafunzi wameelewa." Niliichagua 85 baada ya kufikiri sana, kwa sababu 100 inatia shaka na 60 inatia aibu. Kwa hiyo kulikuwa na asubuhi ambazo nilikwenda darasani asilimia 85 ya darasa ikiwa imekwisha kuelewa jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa naenda kulisoma njiani.

Wiki ya tano ukaja ujumbe katika kundi letu la wanamazoezi: "Gari jeupe limepita Pandambili." Anayejua maisha haya hahitaji maelezo zaidi. Msimamizi kutoka chuoni alikuwa njiani, na mimi kipindi changu kilikuwa cha ngeli. Nilikuwa nimejiandaa, nisidhulumiwe katika hilo: nilikuwa nimenunua karatasi ya manila kwa fedha iliyokuwa ya maharage, maana bumu, ile fedha yetu ya mkopo wa chuo, lilikuwa bado halijaingia, nikachora jedwali la ngeli zote tisa kwa kalamu za rangi nne. Msimamizi akaingia, akakaa nyuma kwenye dawati lililovunjika mguu, akafungua fomu yake. Nikabandika manila ukutani. Nikageuka kuwasalimu wanafunzi. Upepo wa Kongwa ukaingia kwa dirisha la kushoto lisilo na kioo, ukaing'oa zana yangu, ukaichana katikati, na kipande cha chini kikatokea dirisha la kulia. Kwa muda wote uliobaki, ngeli ya PA-MU-KU, ambayo kazi yake ni kuonyesha mahali, haikujulikana iko mahali gani.

Nikaendelea. Nilikuwa na mfano wangu mzuri wa kiboko: kiboko amelala mtoni, YU-A-WA, kiboko kimelala ofisini kwa mwalimu wa nidhamu, KI-VI. Wakacheka, msimamizi akaandika kitu, nami nikaanza kuona maisha yana maana. Hapo ndipo ulipoinuka mkono wa yule kijana wa dirishani, yule wa kanakuja.

"Mwalimu, maiti iko ngeli gani?"

Nikajibu palepale, bila kufikiri, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na kamusi, kwamba ni I-ZI. Kwa wiki nne nzima huo ndio uliokuwa mtindo wangu: swali nisilolijua nililijibu haraka kuliko nililolijua. Kijana hakukaa. Akasema taratibu, "Babu yangu tumemzika wiki iliyopita. Aliletwa kutoka Dodoma mjini. Sasa, mwalimu, aliletwa au ililetwa?"

Watu 86 walinyamaza. Hata mabati yalinyamaza. Nilitazama ubao, nikatazama chaki, nikatazama dirisha ambalo PA-MU-KU ilitokea nikiionea wivu. Ningeweza kusema "swali zuri, tutalijibu kipindi kijacho," ile dawa yetu sote. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Pole kwa msiba. Nimekujibu haraka, lakini sijui. Nitauliza, nitakuletea jibu Alhamisi."

Msimamizi akaandika kwa muda mrefu sana. Baadaye, chini ya mwarobaini, alinieleza kwamba mwandiko wangu ubaoni unapanda kilima, kwamba utangulizi ulizidi dakika tatu, na kwamba upande wa zana amenipa mbili kati ya tano. Nikauliza kuhusu upepo. Akasema fomu haina sehemu ya upepo. Kuhusu ile "sijui" hakusema lolote, na nilipochungulia fomu niliona nayo haina sehemu yake.

Ofisini kwa walimu niliuliza swali la maiti nikapata vita. Mmoja alisema ni YU-A-WA kwa sababu maiti ni mtu, basi. Mwingine akasema alikuwa mtu, na kwamba sarufi haihifadhi vyeo vya watu waliokwisha kuondoka. Wa tatu, ambaye anafundisha Hisabati na hakuulizwa, alipendekeza tupige kura. Mama mlezi aliwaacha wachoke, kisha akasema bila kuinua macho: "Akiwa wa kwenu, ameletwa. Akiwa wa watu, imeletwa."

Alhamisi nikalipeleka jibu hilo kama nilivyolipewa, na nikataja limetoka kwa nani, kwa kuwa heshima ya kujua haikuwa yangu kuichukua. Kijana alifikiri kidogo, akasema, "Ni kweli. Pale kwenye gari dereva alisema imefungwa vizuri. Mama akamwambia, amefungwa vizuri." Akakaa. Sikuwa na la kuongeza. Nikawaambia waandike sentensi kumi, na nikatumia dakika zilizobaki kupita kati ya madawati, jambo ambalo andalio langu lilisema ninalifanya kila siku na ambalo kwa kweli nilikuwa nalifanya kwa mara ya kwanza. Niligundua waliokaa nyuma kabisa hawaoni nusu ya ubao, kwamba wasichana watatu wanatumia daftari moja, na kwamba mmoja wa wale wachelewaji wa siku ya kwanza anaandika vizuri kuliko mimi. Usiku ule kwenye tathmini niliandika, kwa kalamu iliyokuwa inasitasita: "Wengi hawajaelewa U-ZI. Nitarudia." Nikarudia kweli, na bado hawakuielewa, nikarudia tena kwa kuwaletea ufagio na ukuta. Yaani ufagio niliuleta, ukuta tuliukuta.

Msomaji wa wino mwekundu asidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Chaki zilibaki mbili. Mama wa mgahawa aliendelea kunisalimu kwa kutaja tarakimu. Nilipewa zamu wiki mbili mfululizo, kwa maelezo kwamba vijana mna nguvu. Mlenda nilijifunza kuula wiki ya sita, na salamu ya "mbukwenyi" niliimudu wiki ya saba, wakati wa kuaga umekaribia, kama kawaida ya vitu vyangu vyote.

Lakini wiki ya nane, Jumanne, nilikuwa nikipita chini ya madirisha yale yale ya Kidato cha Pili B, nimebeba madaftari mpaka kidevuni, nikasikia sauti ile ile: "Kaeni, ticha anakuja!" Nilisimama. Niliweka sikio, nikimsubiri mwingine yeyote aseme kanakuja. Walikuwa wanasogeza madawati tu. A-nakuja. Hakuna aliyemlipa yule kijana, wala hakujua kwamba nasikia. Nilisimama pale nje mpaka daftari la juu likapeperushwa na upepo, nikalikimbiza hadi kwenye bendera.

Ijumaa niliondoka na begi langu mgongoni. Bibi alinipa karanga za kuchoma kwenye mfuko wa sukari. Getini mzee mlinzi alinitazama, akatazama begi, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kumbe unahama, kijana? Umehamia wapi?"

Nikamjibu, "YU-A-WA, mzee."

Akasema hiyo shule haifahamu, lakini akaniombea nikafaulu huko, akanifungulia geti.